Mihimili ya Gari Kuukuu

Kila chombo kilichofanywa kwa mkono wa mwanadamu kina siku yake ya kutengenezwa tena. Jembe hupelekwa kwa mhunzi, mtumbwi hupandishwa mchangani upate kuzibwa, nyumba ya nyasi huezekwa upya kabla ya mvua. Siku hiyo haina budi kuja. Jambo moja tu limo katika hiari yetu, nalo ni hili: ama sisi tuichague siku hiyo, ama chombo chenyewe kituchagulie. Katika makala hii twataka kulionyesha neno hilo kwa mfano wa gari kuukuu, na hasa kwa mihimili yake miwili ya mbele, maana huko ndiko tulikojifunza.

Sisi tu waalimu wanne wa shule moja katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Tulinunua kwa shirika gari dogo, Toyota Probox, lililokwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu, na saa yake ya mwendo ilikuwa imepita kilomita 310,000. Gari hilo lilikuwa mguu wetu na mguu wa majirani. Lilipeleka karatasi za mitihani mjini, lilipeleka wagonjwa hospitali ya Litembo, na mmoja wetu aliye mwenyeji wa Liuli alilitumia kuwafikia wazee wake ziwani kila alipoitwa kwa harusi au kwa msiba.

Asiyeijua nchi yetu na afahamu kwamba Mbinga ni milima, na ziwa liko chini sana. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 475 tu juu ya bahari, nayo barabara itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay, yenye kilomita zipatazo 66, huteremka na kupinda, hupinda na kuteremka, mpaka mtu aone maji yaking'aa mbele yake. Lami imekwisha kufika huko, nasi twashukuru. Lakini atokaye katika lami kuingia vijijini hukutana na udongo mwekundu utelezao wakati wa masika, na vumbi jembamba kama unga wakati wa kiangazi. Katika mashamba ya ngoro wazee wetu walijua kuuzuia udongo wa mlimani usichukuliwe na maji. Katika vyuma vya gari udongo huo huo waingia usipozuiwa.

Yafaa sasa tueleze kazi ya mihimili hii. Katika gari livutwalo na magurudumu ya mbele, nguvu ya injini hupita katika giaboksi na difu, kisha hugawanyika kulia na kushoto kwa vyuma viwili vya mviringo. Mafundi wetu huviita draivushafti. Sisi hapa tutaviita mihimili. Kazi yake si nyepesi, kwa kuwa gurudumu la mbele hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja: huzunguka, hupanda na kushuka kwa kufuata mashimo, tena hugeuka kulia na kushoto kwa amri ya usukani. Chuma kisichokunjika kisingeweza kulifuata hata hatua chache. Ndiyo sababu kila mhimili umepewa viungo viwili, kama mkono ulivyopewa bega na kiwiko: kimoja cha ndani karibu na giaboksi, na kimoja cha nje katika gurudumu.

Kiungo cha namna ya zamani, chenye msalaba, ambacho hata leo twakiona chini ya malori, hukunjika vizuri, lakini kina ila moja. Kikiwa kimekunjwa, upande upokeao nguvu hauendi sawa na upande utoao; katika mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwa gurudumu lenye kugeuzwa sana jambo hilo halifai, maana gari lingetetemeka katika kila kona. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa, huko Marekani, alibuni kiungo chenye magololi sita yaendayo katika mifereji iliyopinda, na kwa kiungo hicho mwendo huingia na kutoka kwa usawa ijapokuwa kimekunjwa. Mwaka 1959 gari dogo la Kiingereza liitwalo Mini lilitoka likiwa na viungo vya namna hiyo, na leo magari madogo mengi ya dunia hutumia njia ile. Kiungo cha ndani mara nyingi ni cha namna nyingine: kina magurudumu madogo matatu yatelezayo ndani ya kikombe cha chuma, ili mhimili upate kurefuka na kufupika kidogo gari linapopita katika mashimo.

Sasa, msomaji, angalia jambo hili. Viungo hivi vyote viwili haviletewi oili kutoka mahali pengine. Huishi kwa grisi nyeusi iliyotiwa mara moja kiwandani, nayo hufungiwa ndani ya mpira wenye mikunjo, uliobanwa kwa pete huku na huku. Mpira huo ukiwa mzima, kiungo chaweza kwenda kilomita laki kadhaa bila kuguswa. Mpira ukipasuka, gurudumu linapozunguka huitupa grisi nje, na mahali pake huingia maji na mchanga. Tangu siku hiyo magololi hayaendi tena katika mafuta. Yasaga mchanga, na mchanga wayasaga. Hivyo chuma kigumu hufa kwa sababu ya mpira mwembamba, kama mji ulioshindwa kwa sababu ya mlango mmoja.

Ugonjwa huu una dalili zake, wala haufichi. Ya kwanza ni grisi nyeusi iliyotapakaa ndani ya ringi na juu ya vyuma vilivyo karibu. Ya pili ni mlio wa ta-ta-ta wakati wa kukata kona kali. Huo watoka katika kiungo cha nje, kwa kuwa mifereji imekwisha kuchimbika, na gololi huruka kutoka shimo hata shimo. Ya tatu ni mtetemeko wakati wa kupanda mlima kwa nguvu, ambao hutulia mara dereva anapopunguza mafuta. Huo mara nyingi ni wa kiungo cha ndani. Ya nne ni pigo moja zito, du, gari linapotiwa gia ya kwenda mbele baada ya kurudi nyuma. Dalili hizi zaweza kufanana na za beringi au za boljointi, kwa hiyo fundi na apime kabla ya kuhukumu.

Gari letu lilikuwa na ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika uwanja wa shule, usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho, gurudumu la kushoto lililia kama mtu avunjaye vijiti. Na tulipopanda kutoka bondeni, upande wa kulia ulitetemesha miguu yetu. Tulimpelekea fundi mmoja mzee mjini Mbinga, mtu aliyejifunza kazi yake Peramiho, ambako misheni ya Wabenediktini ilianza mwaka 1898 na ufundi ukafundishwa pamoja na kusoma. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, waalimu wangu." Akaingia chini ya gari, akaushika mhimili kwa mikono miwili, akautikisa, akatoka na vidole vyeusi. "Huu wa kushoto umekwisha kusema," alisema. "Mwangoja useme mara ngapi?"

Ndipo ukazuka kwetu mjadala ambao ndio sababu hasa ya kuandika makala hii. Mmoja wa wenzetu alitoa shauri kwamba tusitengeneze. Kulikuwa na mtu wa pwani ya ziwa aliyekuja mara mbili kulitazama gari na kutaja bei nzuri. Alitaka kulitumia kupakia abiria kati ya Mbamba Bay na Mbinga. Mwenzetu alisema, "Gari bado laenda. Tuliuze lingali laenda, kila mtu apate fungu lake." Msimhukumu upesi. Alikuwa na mtoto aliyepata nafasi chuoni, na siku ya kulipa ada ilikuwa karibu. Hakuwa mwizi, alikuwa baba aliyebanwa. Tena alisema neno ambalo wengi husema: "Kila anunuaye gari kuukuu ajua kwamba anunua maradhi yake."

Neno hilo lilitusumbua, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Mnunuzi wa kitu cha zamani hutazamia uchakavu. Lakini tulimwuliza fundi nini hutokea mhimili unapokatika njiani, na jibu lake likamaliza shaka yetu. Watu wengi hudhani kwamba gari litasimama tu, na hasara ni kukawia. Katika nchi tambarare huenda ikawa hivyo. Lakini difu ya gari la kawaida ina tabia hii: upande mmoja ukikosa mzigo, nguvu yote hukimbilia huko, na upande mzima haupati kitu. Kwa hiyo mhimili mmoja ukikatika, injini haiwezi tena kulivuta gari. Na lililo baya zaidi, haiwezi tena kulizuia. Dereva mwenye busara ateremkaye kwenda ziwani hutia gia ndogo, injini ikalishika gari, breki zisipate moto. Mhimili ukikatika, gia hiyo ni kama haipo. Zimebaki breki peke yake, pamoja na mzigo wote na mteremko wote. Hata akifaulu kusimama, akaliacha gari kilimani katika gia, au katika alama ya kuegesha kwa gari lijibadililo gia, halitashikwa. Litateremka peke yake asipovuta breki ya mkono na kuweka jiwe chini ya gurudumu.

Mkubwa wetu kwa umri akasema, "Ndugu zangu, anayenunua maradhi ayajuayo ni mnunuzi. Anayeuziwa maradhi tuyajuayo sisi, naye hayajui, huyo tumemtega. Na huyu atapakia mama na watoto." Hapo mwenzetu mwenye ada akanyamaza, baada ya kitambo akasema, "Haya, na tutengeneze. Lakini mnisaidie habari ya mtoto." Tukakubali yote mawili.

Sasa habari ya spea. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kutia mpira mpya na grisi mpya tu. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, nayo yafaa mpira unapopasuka na kiungo hakijaanza kulia. Kiungo kikishalia, grisi mpya ni kama kumpaka mafuta mtu aliyevunjika mfupa. Ya pili ni kununua kiungo kimoja cha nje na kukiweka katika mhimili wa zamani. Ya tatu ni kubadili mhimili mzima, ama mpya, ama wa mtumba uliotoka katika gari lililovunjwa. Juu ya hilo fundi alitupa shauri la kukumbukwa. Mhimili mpya wa bei ndogo mno, alisema, hung'aa dukani, lakini chuma chake na mpira wake havijulikani. Ule wa mtumba uliofanywa na kiwanda cha kwanza waweza kuushinda, mradi upimwe. Akatuonyesha jinsi ya kupima: mpira usiwe na ufa katika mikunjo, kiungo kikunjwe pande zote bila kukwama wala kugonga, kizungushwe huku na huku, kisiwe na nafasi, meno ya mwisho wa chuma yawe mazima, na urefu, idadi ya meno, na pete ya kupimia mwendo wa gurudumu, kama gari ina breki za namna hiyo, vilingane na vya zamani. Tulikwenda Songea na mihimili ya mfano, tukarudi na miwili ya mtumba iliyopita majaribio hayo yote.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja ya Jumamosi, nasi tulisimama pale kama wanafunzi. Kwanza fundi alilegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu gari likiwa bado limesimama chini kwa magurudumu yake, maana nati hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi, na kuipigania gari likiwa juu ya jeki ni kujitafutia kifo. Kisha akaliinua, akaweka magogo imara chini yake, wala hakuiamini jeki peke yake. Akatoa gurudumu, akamwaga oili ya giaboksi, akafungua boljointi ya chini, akalivuta gurudumu la kati upande wa nje, na mhimili ukatoka katika habu. Uliposhikamana hakuupiga kwa nyundo ya chuma, bali aliirudisha nati katika ncha yake ili uzi usiharibike, akaugonga kwa kipande cha mti. Upande wa giaboksi aliung'oa kwa mtaimbo mfupi, wala hakuuvuta kwa kushika ncha ya nje, kwa kuwa kiungo cha ndani chaweza kuachana na kumwaga sehemu zake.

Kabla ya kutia mpya alibadili sili ya oili katika mdomo wa giaboksi. Mmoja wetu aliuliza kama si gharama ya bure, kwa kuwa ile ya zamani haikuvuja. Akajibu, "Mlango umekwisha kufunguliwa. Kitasa kipya ni rahisi leo. Kesho itabidi kuufungua tena." Akautia mhimili kwa uangalifu usikwaruze sili, akausukuma mpaka pete ndogo ya ndani iliposhika na kusikika, tik, akauvuta kidogo kwa mkono kuhakikisha kwamba umeshika. Nati aliyotumia ilikuwa mpya, akaikaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha akaifunga isilegee. Oili mpya ikarudishwa kwa kiasi chake. Mwisho alilijaribu gari uwanjani kwa mduara wa kulia na wa kushoto, akainama tena kutazama kama liko tone lolote.

Jioni ile tulimwomba aufungue mhimili wa kushoto uliokufa, tuone ndani. Kiungo cha nje kilikuwa na kutu na tope jekundu. Mifereji ilikuwa imechimbika kama njia ya ng'ombe, na gololi mbili zilikuwa na mabaka. Kisha akaukata mpira wa kiungo cha ndani cha chuma kile kile, ambao haukupasuka. Grisi ilikuwa nyeusi na laini, na vyuma viling'aa kama vya jana. Chuma kimoja, gari moja, kilomita zile zile zaidi ya 310,000. Ncha moja imekufa, na ncha ya pili yaweza kufanya kazi. Tofauti yao ilikuwa mpira tu. Tumeuchukua mhimili huo shuleni, na hata sasa umo darasani juu ya meza; watoto huushika na kuukunja, na hatuna haja ya maneno mengi.

Yule mtu wa ziwani alirudi. Tulimwambia habari yote: gari lililia, limetengenezwa, hizi ni spea za zamani, na bei imezidi kidogo kwa ajili ya gharama. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru, wala hakununua. Alinunua gari jingine kwa mtu mwingine. Hatusemi hayo kwa kulalamika. Twasema ili msomaji ajue kwamba ukweli una bei yake, nasi tuliilipa. Mwenzetu alikopa ada katika chama cha akiba na mikopo, sisi watatu tukamdhamini, na mtoto yuko chuoni. Gari lingali letu, na lashuka ziwani kwa gia ndogo.

Wenyeji wa Liuli husimulia habari ya meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mwezi wa Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu mahali hapo, palipoitwa Sphinxhafen, ipate kutengenezwa. Habari ya vita iliwafikia Waingereza ng'ambo ya ziwa kabla haijamfikia nahodha wake. Tarehe 13 ikaja meli yao Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaishambulia na kuiharibu isiweze kutumika. Nahodha yule aliichagua siku yake kwa akili, wakati wa utulivu, hata hivyo alikutwa. Basi ikiwa aliyechagua aweza kukutwa, yeye asiyechagua atasema nini?

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari kuukuu, twakuomba mambo machache. Kila mwezi, na kila baada ya njia ya matope, geuza usukani mpaka mwisho, inama nyuma ya gurudumu la mbele, utazame mpira wenye mikunjo. Pitisha kidole katika kila mkunjo. Ukiona ufa, utengeneze wiki hiyo, maana wakati huo gharama ni mpira na grisi tu. Ukisikia mlio, usiteremke mlima na abiria. Weka daftari ya kila spea na kilomita zake, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Na siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi gari pamoja na daftari hiyo.